Kisanduku cha Ndiyo

...na kalamu yenyewe imefungwa kwa kamba, kana kwamba mtu aliyekuja kununua bunduki atashawishika kuiba kalamu, kamba fupi mno, hainiachii hata nafasi ya kugeuza karatasi, naandika nimejikunja juu ya kaunta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, na wino unakatika, nimeshaweka alama ya hapana sijui mara ngapi, hapana sitafutwi na polisi, hapana sivuti bangi, hapana sijafungwa, hapana, hapana, hapana, nilikuwa nateremka vizuri tu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, halafu hili hapa, wameliandika kwa herufi ndogo zilezile ili lifanane na wenzake, je, umewahi kutamkwa na mamlaka kuwa huna akili timamu, au umewahi kupelekwa kwa amri katika hospitali ya magonjwa ya akili, visanduku viwili, ndiyo, hapana, na mimi Verna Sowers, binti wa Hudak, mwenye miaka hamsini na tatu, niliyeendesha basi la shule miaka kumi na tisa kwenye barafu ya milima hii bila kumchubua mtoto hata kidole, nimesimama hapa na kalamu hewani. "Chukua muda wako, binti yangu," anasema mzee Gus, mwenye duka, mikono ameipanga juu ya kioo, na chini ya kioo visu vimelala safu safu, "ila mimi siruhusiwi kukusaidia kujibu, unajua hivyo, fomu ni ya kwako mwenyewe." Ninajua, mzee Gus, ninajua, alikuwa rafiki wa baba, alinipa bunduki yangu ya kwanza hapahapa nikiwa na miaka kumi na miwili, hakukuwa na fomu ndefu namna hii siku hizo, baba aliweka mkono begani mwangu na Gus akaniuliza swali moja tu, utamlenga wapi kulungu, nikamwambia nyuma ya bega, akasema basi, huyu yuko tayari. Nani leo ataniuliza nyuma ya bega? Wanataka kujua Machi nilikuwa wapi. Siku tano. Siku tano katika miaka hamsini na tatu, na huku kwetu hawasemi alilazwa, hawasemi aliugua, wanasema alipigwa mia tatu na mbili, namba ya kifungu cha sheria ya kumpeleka mtu hospitali ya akili kwa nguvu, wanaitaja kama wanavyotaja namba ya barabara, unamwona yule mama wa basi, alipigwa mia tatu na mbili, masikini, halafu wanaendelea kuchagua viazi.

Na kesho ndiyo siku yenyewe. Kesho asubuhi msimu wa kulungu unafunguliwa, Jumamosi, maana hata hiyo wameichezea, zamani ilikuwa Jumatatu na shule zote zilifungwa na basi langu lililala uani na hakuna mtu milimani hapa aliyeuliza kwa nini, sasa wameisogeza Jumamosi kwa ajili ya watu wa mjini, sawa, hata hilo nililimeza, lakini kesho kabla jua halijachomoza nataka niwe nimekaa kwenye jukwaa la baba, juu ya mti wa hemloki, mgongo kwenye gome lake, na bunduki mapajani, kama kila mwaka, mwaka wa Orrin au mwaka bila Orrin, nataka kitu kimoja mwaka huu kibaki mahali pake, ni kikubwa hicho? Orrin mume wangu amekwenda kaburini, basi langu wamempa mtu mwingine mpaka hapo tutakapokujulisha mama Sowers, bunduki yangu Emil ameificha na hataki kusema ameiweka wapi, ndiyo maana nimekuja kununua hii kuukuu iliyo mbele yangu, si nzuri, mdomo umechakaa rangi, lakini italia, na Emil huyo huyo, mdogo wangu wa tumbo moja, amekaa nje ndani ya pikapu, injini inanguruma, kioo kimefanya ukungu, hakutaka hata kuingia. "Dada, twende nyumbani," aliniambia hapo mlangoni, "ile fomu huwezi kuijaza." Nikamwambia kusoma na kuandika nilikufundisha mimi, kaa hapo. "Si kusoma, dada." Kaa hapo, nikamwambia, ulishanifanyia vya kutosha. Akakaa. Huyo ndiye Emil, atakaa, atanyamaza, atakuangalia kwa yale macho ya ndama aliyeachishwa ziwa, halafu ukigeuka anapiga simu.

Maana ni yeye. Nisizunguke, ni yeye. Si serikali iliyoanza, si daktari, ni Emil Hudak aliyeweka jina lake kwenye karatasi kwamba dada yake ni hatari kwa nafsi yake, kwa mwandiko wake ule wa kuinamia kushoto, niliuona, nesi aliniwekea karatasi ile mbele ya macho, na kosa langu lilikuwa nini? Nilikuwa nasafisha bunduki. Mtu na bunduki yake, kwenye banda la mume wake, mchana kweupe, anasafisha, tangu lini hilo likawa la kuitiwa polisi katika wilaya ambayo kila nyumba ina bunduki nne na mbwa wawili? Alikuja na supu, mkewe alikuwa akituma supu kila Jumanne tangu mazishi, alisimama mlangoni na sufuria imefunikwa kitambaa, nikamwambia ninasafisha, akaweka sufuria juu ya meza ya misumeno ya Orrin, akakaa karibu yangu kwenye gogo, akaichukua bunduki mapajani mwangu polepole sana, kama unavyomchukua mtoto aliyesinzia usimwamshe, akatoka nayo nje, na mimi nikabaki nimekaa naitazama supu ikitoa moshi, nilidhani anakwenda kuiweka ndani, nusu saa baadaye gari la polisi, na polisi mwenyewe nani, Tadeo wa akina Brubaker, niliyempandisha basi tangu darasa la kwanza, aliyekuwa akitapika kila Ijumaa kwenye kona ya kinu, amesimama mbele yangu na mkanda wake, "Bi Verna, naomba tuondoke pamoja, tafadhali, usinifanye nikushike mkono." Usinifanye nikushike mkono! Mimi niliyemfuta matapishi!

"Mwaka huu tutakukata shati, mama Sowers!" Huyo ni Chet, amekuja nyuma yangu na mikebe mitatu ya risasi na fulana mpya ya rangi ya chungwa bado ina lebo shingoni, Chet mwenye kelele, hajui kuongea bila nusu ya duka kugeuka, nacheka kidogo, midomo tu, namwambia angalia lisikatwe la kwako, wewe ndiye unayeishi na shati nusu. "Hee! Mzee Gus, umemsikia? Mwenyewe ana kipande ukutani pale kambini kwao, nimekiona kwa macho yangu!" Ni kweli, kipo. Kambini kwetu, ile nyumba ya kuwindia ya ukoo, ukilenga kulungu ukamkosa, jioni wanakushika, wanakukata pindo la nyuma la shati kwa kisu cha jikoni, wanaandika jina na mwaka, wanapigilia msumari ukutani, baba alinikata langu nikiwa na miaka kumi na sita, flaneli nyekundu aliyonishonea mama, nililia kwa aibu na wajomba wote wakacheka mpaka wakamwaga bia, na kile kitambaa kipo hadi leo juu ya dirisha la jikoni, pembeni ya vipande vitatu vya Orrin, Orrin hakuwa na shabaha, Mungu amrehemu, alikuwa anapenda kutembea msituni tu na bunduki ilikuwa kisingizio. Lakini sikiliza, nani wa kunisikiliza, sikiliza hata hivyo, asubuhi yake baba aliniamsha kabla ya wote, akanipa chai ya maziwa na mkate wa mafuta ya nguruwe, akaniwekea bunduki mikononi, twende, akasema. Basi. Ulimkosa jana, leo twende. Aibu yako ipo ukutani kila mtu anaiona na hakuna anayekunyima mti wako. Hawa wa serikali wanakukata shati wanalipigilia ukutani halafu wanafunga na mlango wa kambi, milele, kwa siku tano, kwa sababu ya supu ya Jumanne na mdogo mwenye woga.

"...hapana, yule shemeji yangu alikwenda mwenyewe," Chet anamwambia Gus, sauti yake anadhani ameipunguza, wanazungumza habari za nani, sijui, sikuwasikia walipoanza, "alijipeleka, akasema jamani sijisikii vizuri, wakamlaza wiki mbili nzima, na vuli ileile alikuwa kwenye mti wake, alipiga dume lenye pembe za ncha nane." Na Gus anasafisha kioo mahali palipo safi, "Ndiyo sheria ya hapa ilivyo," anasema, haniangalii, anaangalia kitambaa chake, "aliyetia saini mwenyewe siye aliyepelekwa. Unaweza kuwa mgonjwa kuliko wote mle ndani, ukitia saini mwenyewe, ni hiari, haikufuati dukani. Ukipelekwa, inakufuata." "Kwa saini tu?" "Kwa saini tu." Chet anapiga mluzi. Na mimi nimeinama kwenye karatasi, masikio yamewaka moto, maana kulikuwa na karatasi mbili. Pale hospitali kulikuwa na karatasi mbili. Hili nilikuwa sijalifikiria miezi minane, nililikanyaga likalala, kulikuwa na ile ya Emil, na kulikuwa na nyingine, nesi mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, aliisukuma mezani na kalamu juu yake, kalamu nzuri, haikufungwa kamba, akasema, "Mama, daktari bado hajaandika la kwake. Ukitaka unaweza kutia saini hapa, iwe umekuja mwenyewe kutibiwa." Na nikasema nini? Nilisema akina Hudak hawatii saini. Nilisema hivyo, kidevu juu, nikiwa nimevaa kandambili za karatasi. Maana baba alitia saini mara moja maishani, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliletewa karatasi na watu wa kampuni ya makaa ya mawe, wamevaa viatu visivyo na tope, wakamwambia ni ya kupitisha mgodi tu chini, huku juu shamba linabaki lako, na walipopita chini chemchemi ikakauka, ile iliyonywesha babu na ng'ombe wake wote, ilikauka kwa wiki moja, na tangu siku ile ilikuwa sheria ya nyumba kuliko amri kumi, usitie saini ulicholetewa na mtu mwenye viatu safi. Tulikua nayo. Sikutia saini hata kadi ya maktaba mpaka nilipolala na karatasi yake nyumbani usiku mmoja. Na nesi yule, nikamwangalia miguuni, viatu vyeupe, safi kabisa.

Na Emil alikuwa pale. Alikuwa amesimama ukutani, kofia amekunja mkononi, na alikuwa akisema kitu, nilimsikia, nilikuwa nimekasirika mno nikasikia sauti tu, sasa maneno yanarudi moja moja, alikuwa akisema "Tia saini, dada." Alikuwa akisema "Tafadhali, Verna, tia saini, tia saini, utaikosa bunduki yako, sikiliza, nimemuuliza yule polisi, ukitia mwenyewe haihesabiki, dada nakuomba." Akanipigia magoti? Alipiga magoti. Mwanamume wa miaka hamsini kasoro, sakafu ile inayonuka dawa, na mimi nilidhani anataka nikiri kwa mkono wangu kwamba mimi ni mwendawazimu ili yeye asionekane mbaya, nikamwambia mbele ya nesi na Tadeo, inuka, unamtia aibu baba yako kaburini. Akainuka. Akavaa kofia. Basi daktari akaingia, akaandika la kwake, na hiyo ndiyo hadithi, mtu mmoja katika chumba kile alikuwa anahangaikia bunduki yangu na hakuwa mimi... lakini bado aliita polisi! Bado alipiga simu! Angeniambia tu, dada unaniogopesha, angekaa pale kwenye gogo tukanywa ile supu, kwa nini hakukaa, nilikuwa nasafisha bunduki, nilikuwa nasafisha bunduki tu.

Sitaki kuitazama karatasi. Nainua macho, nitazame chochote, pembe za kulungu ukutani kwa Gus, kalenda ya benki, yule samaki aliyekauka na macho ya kioo, na rafu ya juu kabisa nyuma yake, ile ya bunduki anazowahifadhia watu, si za kuuza, zina vitambulisho vya karatasi vimefungwa kwa uzi, za wajane, za waliohama, za waliogombana na wake zao, naijua rafu hiyo, na ya tatu kutoka kushoto ni yangu. Mkanda wa ngozi Orrin alioshona mwenyewe, vibaya, mshono unakwenda upande. Ni yangu. Kumbe ipo hapa, miezi minane ipo hapa, futi nane kutoka nilipo, mzee Gus anajua na ameniacha nichague kuukuu nyingine bila kupepesa jicho, nataka kufungua mdomo nimuulize wewe mzee unacheza na nani... na ya nne je? Ya nne, iliyolala pembeni yake, kitako chake kimefungwa waya wa shaba. Hakuna bunduki nyingine duniani yenye waya ule. Baba aliufunga Emil alipoiangusha kutoka kwenye jukwaa, kitako kikapasuka, Emil akiwa na miaka kumi na minne, alilia wiki nzima, na hajawahi kukubali kubadilisha kitako, anasema inaua vizuri zaidi ikiwa na kovu. Bunduki ya Emil. Kitambulisho kimoja kwa zote mbili, uzi mmoja, na mwandiko wa Gus mkubwa, naweza kuusoma kutoka hapa, HUDAK, MACHI.

Machi. Machi, si jana, si wiki iliyopita. Sasa Mei alikwendaje kuwinda bata mzinga? Hakwenda. Alisema mgongo unamuuma. Nilimcheka, alikuwa amekwishahamia kwangu wakati huo, analala kwenye kochi na miguu inaning'inia, nilimwita bibi wa kochi, nikamwambia mkeo amekufukuza kwa ajili ya kukoroma ndiyo unajifanya unanilinda. Na Oktoba, msimu wa dubu, alisema hapendi dubu. Emil! Anayesimulia dubu wake wa mwaka ule mpaka watu wanahama meza! Hapendi dubu. Na jana, kwenye Sikukuu ya Shukrani, tumekula bata mzinga na kabichi za kukunja kwa mapishi ya mama, wajomba wanapanga nani atakaa mti gani, akasema, mimi na dada mwaka huu tutatembea, tutapita bondeni tuwasukumie kulungu, ninyi mkae. Nikaweka uma chini. Niliona ananidhalilisha mbele ya ukoo, kutembea mikono mitupu ukipiga vichaka ili wengine wapige ni kazi ya wageni na walevi, nikamwambia kabwekee kulungu peke yako kama umekuwa mbwa, mimi nina mti. Na wajomba walikuwa wanatazama sahani zao. Walijua. Alisema mimi na dada. Alisema tutatembea. Mikono mitupu, wote wawili, na mimi nilisikia dada tu.

Amelala kwenye kochi langu miezi minane, na ili alale pale aliitoa bunduki yake ndani ya nyumba. Ni hivyo. Hakunifichia ya kwangu akabaki na yake. Hakuna mahakama iliyomwamuru, hakuna fomu aliyojaza, alikuja kwa mzee Gus na zote mbili akasema ziweke pamoja. Na mimi niko hapa nimekasirika, bado nimekasirika, Mungu wangu, hasira haijapungua hata kidogo, ila inazunguka duka zima haioni pa kukaa, nilikuwa nimeikalisha juu ya Emil na sasa imesimama... nimpe nani, nesi? Tadeo? Wanaume waliotunga sheria ambao hawajui jina langu? Nitawapa, wana sehemu yao, sheria isiyojua tofauti ya mtu mbishi na mtu wa hatari ni sheria ya kipumbavu na nitasema hivyo mbele ya jaji yeyote, kuna jaji wa kuombwa anirudishie haki ya bunduki, Emil aliniachia barua ya maombi hayo juu ya friji tangu Juni na sijaifungua. Lakini kubwa lake, hilo si lao. Ni la Orrin. Orrin Sowers, nilikwambia subiri. Nilikwambia Januari ile, upepo ni mkali, mti ule umeegemea mwenzake, subiri Emil aje Jumamosi mkaukate wawili, ukasema ni mmoja tu, mpenzi, nitarudi kabla kahawa haijapoa. Kahawa ikapoa. Nikaimwaga, nikapika nyingine, ikapoa. Nikakufuata saa nane mchana na nikakuta msumeno bado unanguruma theluji imeyeyuka pembeni yake na wewe umelala, mti mgongoni, kama mtu aliyeangusha kitu chini ya kitanda. Kwa nini hukusubiri, mwanamume mpumbavu wewe, ninayekupenda, mpumbavu, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?

"Utahitaji mafuta ya kusafishia?" Mzee Gus. Ameweka mkono juu ya bunduki kuukuu, anaigusagusa kama mtu anayempapasa farasi wa kuuza. "Imekaa sana hii. Nina yale ya kopo la kijani unayotumia wewe." "Ninalo kopo," nasema, bila kufikiri, "bado limejaa nusu." "Nyumbani?" "Kambini," nasema, "nililiacha dirishani kambini." Na ni kweli, naliona, kopo la kijani, kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, chini ya vipande vya shati, na kitambaa chake kimekunjwa chini yake, kipande cha fulana ya Orrin, nililiweka pale Desemba iliyopita siku ya mwisho ya msimu, Orrin yuko nje anapasha gari moto anapiga honi, nikasema nitalichukua mwakani. Tukafunga mlango. Theluji ikaziba njia ya kambi kabla ya Krismasi na haikufunguka mpaka Aprili, hakuna aliyepanda kule, hata wajomba. Sina kopo jingine. Sijawahi kuwa na kopo jingine, natumia moja, kwa miaka yote tunakwenda nalo tunarudi nalo. Machi kopo lilikuwa kambini, juu ya mlima, chini ya theluji ya kifuani... na mimi nilikuwa bandani nasafisha bunduki.

"Basi chukua kopo jingine, binti yangu," anasema Gus, "la nyumbani." Chet anahema nyuma yangu, anahamisha mikebe ya risasi kutoka mkono huu kwenda ule. Nje honi, mara moja, fupi, si ya kunihimiza, ndivyo anavyofanya Emil kioo kikijaa ukungu, anagusa honi kwa kiwiko akikifuta, najua hata bila kugeuka anafuta duara dogo kwa mkono wa koti ili aone mlango wa duka. Kalamu iko palepale juu ya visanduku viwili, kamba imenyooka. "Umekwama, Verna?" "Nasoma," nasema, "nasoma tena, mzee Gus." Hakukuwa na kopo. Nazunguka banda lile kwa macho, meza, misumeno, gogo, niliketi pale tangu alfajiri, hakukuwa na kopo wala kitambaa wala ule ufito wa kusukumia kitambaa ndani ya mtutu, kulikuwa na mimi na bunduki na risasi moja, na nilikuwa nimevua kiatu cha mguu wa kulia, na soksi, maana bunduki ndefu mkono haufiki kwenye kifyatulio, kidole cha mguu kinafika, vilikuwa pembeni nimevipanga vizuri, na Emil aliingia na sufuria, nikamwambia ninasafisha, naye akatazama mguu wangu.